Mwalimu Nyerere na Suala la Nani Amiliki Zahanati ya Kijiji

Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Hospitali nyingi zilikuwa mijini na katika vituo vya misheni, na mwananchi wa kijijini aliyeugua alitegemea zahanati ndogo ambayo mara nyingi ilikuwa mbali na nyumbani kwake. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyekabidhiwa dhamana ya kuiongoza nchi hiyo akiwa na umri wa miaka 39, aliwatangaza maadui watatu wa Taifa kuwa ni ujinga, umaskini na maradhi. Katika kupambana na adui huyo wa tatu alikutana na swali ambalo kila Serikali inayotaka kufikisha huduma za afya ya msingi kwa wananchi wake hulazimika kulijibu. Swali hilo ni nani amiliki kituo cha tiba, nani akilipie gharama, na nani awajibike pale mgonjwa anapofika na kukuta hakuna dawa.

Katika miaka 24 ya uongozi wake, Mwalimu alilijibu swali hilo kwa njia zaidi ya moja. Baadhi ya majibu yake yaliwafikishia tiba mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kuifikiria kuwa ni haki yao. Mengine yalileta matatizo ambayo yeye mwenyewe alikuja kuyakiri.

Kutoka Butiama hadi uongozi wa nchi

Mwalimu Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, kusini mashariki mwa Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake alikuwa Mugaya Nyang'ombe. Alianza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akaendelea katika Shule ya Serikali ya Tabora, kisha akajiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, alikosomea ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Alirudi Tabora kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa ya wamisionari wa Kikatoliki, na miongoni mwa masomo aliyoyafundisha lilikuwamo somo la biolojia.

Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, na kuhitimu shahada yake mwaka 1952. Alifika huko mwaka mmoja tu baada ya Uingereza kuanzisha huduma ya afya ya Taifa, ambayo ilimwezesha mgonjwa kumwona daktari bila kulipa chochote mlangoni. Aliporejea nyumbani alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa chini ya uongozi wake, na mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu ili aitumikie siasa kwa muda wake wote.

Hivyo Mwalimu aliingia katika uongozi akiwa amesoma na kufundisha katika shule za Serikali na za misheni, na amepata kuishi katika nchi ambayo tiba iligharimiwa na umma. Uzoefu huo unasaidia kueleza kwa nini, alipofika kwenye suala la umiliki wa vituo vya afya, hakuwatazama wamiliki wote wasio wa Serikali kwa jicho moja.

Mirathi yenye wamiliki wengi

Huduma za afya alizozirithi Mwalimu zilikuwa na wamiliki wa aina tano. Wa kwanza alikuwa Serikali kuu, iliyoendesha hospitali za mikoa na wilaya. Wakati wa ukoloni hospitali hizo zilitolewa kwa kufuata rangi ya mtu. Jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, ilhali Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa mchango wa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, hadi ilipofunguliwa mwaka 1956 hospitali mpya ambayo leo ni Muhimbili.

Wa pili walikuwa mamlaka za wenyeji, ambazo baada ya Uhuru nafasi yake ilichukuliwa na halmashauri za wilaya. Hizi ndizo zilizomiliki zahanati nyingi za vijijini na kuziendesha kwa kodi zilizokusanywa papo hapo. Wilaya iliyokuwa na kahawa au pamba iliweza kulipa wahudumu na kununua dawa. Wilaya kame yenye mapato kidogo haikuweza. Ubora wa zahanati ulitegemea mfuko wa halmashauri.

Wa tatu walikuwa misheni za Kikatoliki, Kilutheri, Kianglikana na nyinginezo. Hospitali za Ndanda na Peramiho kusini, Mvumi karibu na Dodoma na Machame katika miteremko ya Kilimanjaro zilikuwa zimejijengea jina kwa muda mrefu. Misheni zilikuwa na sehemu kubwa ya vitanda vyote vya hospitali nchini. Fedha zao zilitoka kwa waumini wa ng'ambo, ruzuku ya Serikali na ada ndogo walizolipa wagonjwa. Lakini hospitali hizo zilikuwa mahali wamisionari walipotua kwanza, na si lazima ziwe mahali penye wagonjwa wengi zaidi.

Wa nne walikuwa waajiri, hususan mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga na Morogoro pamoja na migodi, waliowatibu wafanyakazi wao. Wa tano walikuwa madaktari binafsi wa mijini, waliomhudumia mwenye fedha ya kulipa.

Kila mmiliki alikuwa na chanzo chake cha fedha, na chanzo hicho ndicho kilichoamua nani angetibiwa na kwa kiwango gani. Mkulima asiye na misheni jirani, asiye kibarua wa shamba la mkonge, na anayeishi katika wilaya maskini, alibaki nje ya mifuko yote mitano. Huyo ndiye mwananchi ambaye siasa ya Mwalimu ilidai kumwakilisha.

Ushauri uliochelewa kutekelezwa

Miaka ya kwanza ya Uhuru haikuleta mabadiliko makubwa katika mgawanyo huo. Mwaka 1963 ilianzishwa shule ya utabibu jijini Dar es Salaam ili nchi ianze kujitengenezea madaktari wake. Mwaka 1964 ilitolewa ripoti ya wataalamu walioongozwa na Profesa Richard Titmuss wa London, ambayo ilichunguza huduma za afya za Tanganyika na kushauri kwamba nguvu zielekezwe katika vituo vya afya na zahanati za vijijini badala ya kuongeza hospitali kubwa. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata hospitali ziliendelea kumeza sehemu kubwa ya bajeti ya afya. Hospitali huonekana, hufunguliwa kwa sherehe na huombwa na kila mji. Zahanati ya vyumba viwili haina mvuto huo.

Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilibadili mwelekeo. Benki na njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma, na usawa wa binadamu ukawa kipimo cha kila sera. Azimio lilikumbusha pia kwamba fedha za kigeni zinazojenga hospitali na barabara za mijini hulipwa kwa jasho la mkulima. Kwa upande wa afya, maana yake ilikuwa wazi: anayelipa gharama ni mwananchi wa kijijini, kwa hiyo huduma ianzie kwake.

Shule zilichukuliwa, hospitali ziliachwa

Hapa ndipo uamuzi wa Mwalimu ulipokuwa wa aina yake. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misheni ziliingia mikononi mwa Serikali. Wengi wangetarajia hospitali zao zifuate, lakini kwa sehemu kubwa haikuwa hivyo. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kuanza kazi mwaka 1971, iliwekwa chini ya Serikali mwaka 1972. Ila hospitali na zahanati nyingi za makanisa zilibaki kwa wenyewe.

Sababu zilikuwa za kiutendaji. Kuendesha hospitali kunahitaji madaktari, wauguzi, dawa na vifaa kila siku ya mwaka, na Serikali haikuwa na watu wala fedha za kuzibeba zote kwa mara moja. Zaidi ya hayo, misheni hazikutafuta faida. Mwalimu alitofautisha mmiliki anayejikusanyia mali kutokana na ugonjwa wa mwenzake na mmiliki ambaye si Serikali lakini anatoa huduma kwa nia ileile ya Serikali.

Kutokana na tofauti hiyo ulizaliwa mpango wa hospitali teule. Katika wilaya ambayo haikuwa na hospitali ya Serikali lakini ilikuwa na ya kanisa, Serikali iliingia mkataba na kanisa ili hospitali hiyo itambuliwe kuwa hospitali ya wilaya. Majengo na uendeshaji vilibaki kwa kanisa. Serikali ikachangia mishahara na gharama za kuhudumia wagonjwa, na wananchi wakatibiwa kwa masharti sawa na ya hospitali za umma. Mpango huo ulitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa kitu kimoja, yaani umiliki wa jengo na ulipaji wa gharama. Taifa lilipata hospitali ya wilaya bila kujenga upya, na hospitali ikapata chanzo cha fedha kisichotegemea wafadhili wa ng'ambo peke yao.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu wake. Ruzuku ilipochelewa kutoka Hazina, hospitali ilibaki na wagonjwa wengi na fedha chache, kwa sababu ilikuwa imekubali kupunguza ada zake. Mkataba ulikuwa imara kwa kadiri Serikali ilivyotimiza ahadi yake ya malipo.

Zahanati zasambaa vijijini

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 TANU iliamua kwamba afya, maji na elimu ya vijijini vipewe kipaumbele. Fedha za maendeleo zilianza kuhama kutoka hospitali kwenda vituo vya afya na zahanati. Wananchi walichangia nguvu zao kwa kufyatua matofali, kuchota maji na kusomba mchanga, na Serikali ikaleta mabati, wahudumu na dawa. Vyuo vilifunguliwa ili kuwafundisha waganga wasaidizi wa vijijini, wakunga na maofisa afya, kwa kuwa kumsubiri daktari wa chuo kikuu afike kila kijiji kungechukua kizazi kizima.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa kutumia redio na vikundi vya kusoma na kujadiliana, watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza namna ya kujikinga na malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Vikundi havikuishia kwenye mazungumzo. Vilichimba vyoo, vikafyeka vichaka na kufukia madimbwi. Kampeni hiyo ilibaki kuwa mfano uliosomwa katika nchi nyingi, kwa sababu ilimfanya mwananchi kuwa mwenye afya yake badala ya kuwa mpokeaji wa dawa tu.

Matokeo ya ujenzi yalionekana katika hesabu. Vituo vya afya vya vijijini, ambavyo vilikuwa 22 wakati wa Uhuru, vilizidi 200 ilipofika mwaka 1980, na zahanati ziliongezeka kutoka chini ya 1,000 hadi zaidi ya 2,500. Kufikia wakati huo ilikadiriwa kwamba watu wapatao asilimia 70 waliishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha huduma, na asilimia 90 ndani ya kilomita 10. Mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 na kutangaza lengo la afya ya msingi kwa watu wote, Tanzania ilikuwa imekwisha kuitembea njia hiyo kwa miaka kadhaa.

Mafanikio hayo hayangepatikana kwa wamiliki wa kutafuta faida. Zahanati ya kijiji chenye kaya maskini haiwezi kujilipia, na mwekezaji anayehesabu mapato na matumizi hawezi kuifungua. Umiliki wa umma ndio uliopeleka huduma mahali ambapo soko lisingekwenda.

Madaraka Mikoani na sheria ya 1977

Katika kipindi hichohicho zilifanywa hatua mbili zilizobadili umiliki kwa namna nyingine. Ya kwanza ilikuwa mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, uliovunja halmashauri za wilaya na kuweka shughuli zao chini ya watendaji wa Serikali kuu mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Lakini zahanati zilizokuwa za halmashauri sasa zikawa za Serikali kuu, na mganga aliyekuwa akiwajibika kwa madiwani wa wilaya yake akaanza kusubiri fedha na maelekezo kutoka juu. Tofauti kati ya wilaya tajiri na maskini ilipungua, na hilo lilikuwa jema. Ila mahali pa kumwuliza mhusika pakawa mbali zaidi na kijiji.

Hatua ya pili ilikuwa sheria ya mwaka 1977 iliyodhibiti hospitali binafsi. Sheria hiyo ilikataza mtu binafsi kutoa tiba kwa ajili ya faida, na kuruhusu mashirika yaliyoidhinishwa, hasa ya dini, kuendelea. Msingi wake ulikuwa wa kimaadili: ugonjwa usiwe bidhaa, wala daktari aliyesomeshwa kwa fedha za wakulima asiwauzie wachache ujuzi huo. Vilevile nchi yenye madaktari haba haikutaka wajikusanye katika mitaa michache ya Dar es Salaam.

Kwa upande wa pili, sheria iliiondolea Serikali mshirika ambaye angeweza kuwahudumia wenye uwezo wa kulipa na kuwapunguzia foleni wengine. Baadhi ya madaktari walikwenda nje ya nchi, na wengine walitibu kimyakimya baada ya saa za kazi. Mzigo wote wa gharama ukabaki kwa Hazina na kwa mashirika ya dini.

Jengo hulipwa mara moja, dawa kila mwezi

Mzigo huo uliongezeka katika wakati mgumu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ukame ukafuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikagharimu fedha nyingi. Kisha bei ya mafuta ikapanda tena. Fedha za kigeni zikaadimika, na dawa nyingi zilinunuliwa nje.

Hapo ndipo hesabu ya zahanati ilipojionesha. Jengo hulipiwa mara moja, na wananchi wanaweza kulijenga kwa mikono yao. Dawa, mishahara, mafuta ya gari la usimamizi na matengenezo ya paa hulipwa kila mwezi, na hayo hayajengwi kwa nguvu za wananchi. Nchi iliyokuwa imeongeza maelfu ya majengo ilikuwa imejiwekea pia maelfu ya ankara za kila mwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zahanati nyingi zilikuwa na mhudumu na kitanda lakini hazikuwa na dawa. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa kwa mwendo wa saa moja alipewa ushauri na kurudishwa nyumbani, au alielekezwa akanunue dawa mjini.

Serikali ilichukua hatua. Kuanzia mwaka 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmark na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ulianzishwa mpango wa dawa muhimu. Maboksi yaliyofungwa tayari, yenye dawa za magonjwa ya kawaida, yalipelekwa katika kila zahanati na kituo cha afya. Mpango huo uliokoa maisha na kurudisha imani ya wananchi. Lakini boksi lilikuwa lilelile kwa zahanati yenye wagonjwa wachache na yenye wagonjwa wengi, na mganga hakuwa na uwezo wa kuagiza kile alichokipungukiwa.

Katika miaka hiyo wananchi walianza kulinganisha. Zahanati ya misheni ilitoza ada, ya Serikali haikutoza. Hata hivyo wengi walivuka ya Serikali na kwenda kulipa kwenye misheni kwa sababu waliamini wangekuta dawa. Tafiti zilizofanywa Morogoro na Dar es Salaam katika miaka ya 1990 zilieleza hali hiyo kwa undani zaidi. Wananchi walivisifu vituo vya mashirika kwa dawa na lugha nzuri, lakini wataalamu walipochunguza namna wagonjwa walivyopimwa na kuandikiwa dawa, walikuta upungufu katika pande zote mbili, na vipo vituo vya Serikali vilivyofanya kazi vizuri kuliko vya mashirika.

Uchunguzi mwingine uliofanywa baadaye mkoani Arusha uliongeza jambo la msingi. Tofauti kati ya matabibu haikuwa tu katika elimu waliyonayo, bali katika kiasi gani waliitumia elimu hiyo mbele ya mgonjwa. Walioitumia zaidi walikuwa katika vituo ambavyo kiongozi wake alikuwa na madaraka juu ya watumishi na fedha, akawa karibu nao na kuweza kuwauliza. Kibao cha mlangoni hakikutosha kueleza ubora wa huduma iliyokuwa ndani.

Kiongozi aliyekubali kujisahihisha

Mwalimu Nyerere hakusubiri tafiti hizo ili atambue tatizo. Kabla ya kung'atuka alikiri hadharani kwamba kuvunja halmashauri na vyama vya ushirika kulikuwa makosa. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zilianza tena kazi. Zahanati na vituo vya afya vikarudi chini ya vyombo vilivyochaguliwa na wananchi wa mahali husika. Mwaka 1985 Hospitali ya Bugando nayo ilirejeshwa kwa Kanisa kwa makubaliano ya kuendelea kuhudumia umma.

Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu alimkabidhi nchi Rais Ali Hassan Mwinyi, na mwaka 1990 aliacha uenyekiti wa CCM. Mabadiliko mengine yalikuja baadaye. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na watu binafsi wakaruhusiwa tena kutoa tiba. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitiliana saini makubaliano mapya ya ushirikiano katika huduma za jamii. Na kuanzia mwaka 1993 hospitali za umma zilianza kutoza ada. Hospitali na zahanati binafsi ziliongezeka kwa kasi, hususan Dar es Salaam na miji mingine yenye watu wenye kipato. Vijijini zilibaki zahanati za halmashauri na za mashirika ya dini, kama zilivyoachwa na sera za Mwalimu. Hofu yake kwamba faida haiendi mahali penye umaskini ilithibitishwa na ramani.

Mwalimu Nyerere alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas jijini London, alikokuwa akitibiwa saratani ya damu, na akazikwa Butiama.

Urithi katika sera za leo

Robo karne na zaidi baada ya kifo chake, mfumo wa afya ya msingi wa Tanzania bado unaonesha alama za maamuzi yake, yale yaliyofanikiwa na yale yaliyosahihishwa. Zahanati ya kijiji ni ya umma na iko chini ya halmashauri. Mashirika ya dini yanaendelea kuwa washirika wa Serikali, na hospitali teule zipo katika wilaya kadhaa kwa mikataba ya huduma. Sekta binafsi inatambuliwa na kusimamiwa kwa sheria.

Suala la fedha nalo limeendelea kutafutiwa ufumbuzi. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 Serikali imekuwa ikipeleka sehemu ya fedha za afya moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, ambako mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi ya kituo hupanga matumizi yake. Hatua hiyo inajibu udhaifu wa miaka ya Madaraka Mikoani, kwani inamwezesha aliye karibu na mgonjwa kununua kinachokosekana, na inaiwezesha jamii kumwuliza fedha zimekwenda wapi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo inalenga kumwezesha mwananchi kutibiwa kwa kadi yake, katika kituo cha umma, cha shirika la dini au cha binafsi kilichosajiliwa. Hapo tena umiliki wa jengo unatenganishwa na ulipaji wa gharama, kama ilivyokuwa katika mpango wa hospitali teule.

Kwa mwananchi anayefuatilia utekelezaji wa mipango hiyo, maisha ya Mwalimu yanatoa vipimo vinavyoweza kutumika katika kijiji chochote. Umiliki wa umma ulithibitika kuwa njia ya kufikisha huduma pasipo na faida. Ushirikiano na mashirika yasiyotafuta faida ulithibitika kuipunguzia nchi gharama, mradi ruzuku ifike kwa wakati. Na ubora ulionekana kutegemea kama kituo kina fedha ya uhakika ya kila mwezi, kiongozi mwenye madaraka, na kamati inayojua wajibu wake. Baadhi ya wajumbe wa kamati hizo hutoka kwa wananchi wenyewe. Taarifa za mapato na matumizi ya kituo ni haki ya wananchi kuzijua, na mkutano wa kijiji ni mahali pa kuziuliza.